Jengo Endelevu la Kompyuta Chuoni Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Chuo kikuu chochote jijini Nairobi kinapofikiria kujenga makao mapya ya utafiti na mafunzo ya kompyuta, maswali yanayozuka vikaoni hufanana sana: joto, umeme, maji, gharama, na iwapo neno "endelevu" lina maana yoyote zaidi ya paneli chache zinazoonekana kutoka barabarani. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wahadhiri, wanafunzi, wasimamizi wa vyuo na yeyote mwingine anayeketi katika vikao hivyo. Yameegemea hali ya hewa ya Nairobi, umeme wa Kenya na mazoea yetu ya ujenzi, kwa sababu jengo linalofaa kwingine laweza kuwa mzigo hapa.

Jengo la kompyuta lina tofauti gani na jengo lingine la chuo?

Tofauti kubwa ni joto linalozalishwa ndani. Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta huishia kuwa joto, na joto hilo lazima litoke chumbani kwa njia moja au nyingine. Chukua darasa la historia lenye wanafunzi 40. Mtu aliyeketi hutoa joto la takriban wati 100, kwa hiyo darasa hilo lina kilowati 4. Sasa wape wanafunzi hao kompyuta za mezani 40, kila moja ikitumia wati 150 pamoja na kioo chake, na chumba kile kile kitakuwa na kilowati 10, sawa na pasi kumi za kilowati moja moja zinazowaka bila kuzimwa. Ukiwapa vipakatalishi (laptop) vinavyotumia wati 50 hivi, jumla hushuka hadi kilowati 6. Mara nyingi uamuzi wa aina ya kompyuta hufanywa na ofisi ya ununuzi miaka miwili baada ya msanifu kumaliza michoro, ilhali uamuzi huo una uzito sawa na wa unene wa kuta. Ndiyo maana nashikilia kwamba walimu wa kompyuta wawepo mezani tangu mchoro wa kwanza.

Je, maabara ya wanafunzi inaweza kukaa bila kiyoyozi?

Inaweza, na kwa maoni yangu inapaswa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hata Februari na Machi, miezi yenye joto zaidi, wastani wa joto la juu la mchana hauzidi sana nyuzi 28, na usiku hewa hupoa vya kutosha kuziburudisha kuta za mawe na dari za zege hadi asubuhi. Mwezi Julai, wanafunzi wengi huingia maabara wakiwa na sweta. Hii ni neema ambayo miji michache duniani inayo, na inasikitisha kuiona ikifungiwa nje kwa vioo visivyofunguka.

Ili neema hiyo ifanye kazi, jengo lazima lipangwe kwa ajili yake. Pande ndefu zielekee kaskazini na kusini, kwa kuwa hapa karibu na ikweta jua la mchana hupita juu ya paa na linazuilika kwa kivuli kifupi, ilhali jua la asubuhi na la alasiri huja chini chini kutoka mashariki na magharibi, wala hakuna kivuli cha kawaida kinachoweza kulizuia. Pande hizo mbili zipewe ngazi, vyoo, lifti na stoo. Chumba kisiwe kipana kupita kiasi: hewa ikitarajiwa kuingia upande mmoja na kutokea wa pili, chumba chenye dari ya mita 3 kisizidi takriban mita 15 kutoka dirisha hadi dirisha. Pale jengo linapokuwa nene zaidi, katikati huwekwa uwazi mrefu unaofanya kazi kama dohani, ambapo hewa iliyopashwa joto na watu na mashine hupanda na kutokea juu, na hewa baridi huvutwa kutoka chini kuijaza nafasi yake.

Haya si mambo ya kubahatisha. Ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa Gigiri mwaka 2011 kwa ajili ya watu wapatao 1,200 zilijengwa kwa kutegemea mzunguko wa hewa wa aina hiyo. Katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, pale Lang'ata, jengo la nyenzo za kujifunzia hupoza hewa kwa kuipitisha kwenye mawe yaliyolundikwa chini yake kabla haijafika walipoketi watu. Hata majengo ya kale ya Nairobi yalikuwa na matundu ya kudumu juu ya madirisha, ambayo yaliruhusu hewa moto kutoka mchana na usiku bila mtu kufungua chochote. Tuliyaziba wenyewe.

Vipi kuhusu mwanga? Jua likipiga kwenye kioo cha kompyuta, mtu haoni kitu.

Niliwahi kufundisha katika maabara yenye ukuta mzima wa kioo ulioelekea magharibi. Kuanzia saa nane mchana mapazia yalivutwa yote, taa zikawashwa zote, na viyoyozi vikanguruma mpaka jioni. Tulikuwa tumelipia kioo ghali kuliko ukuta, kisha tukalipia umeme kila siku ili kujikinga nacho. Wanafunzi waliokaa karibu na dirisha waliumwa kichwa, na sikuwa na la kuwaambia.

Maabara ya kompyuta inahitaji mwanga mtulivu unaotoka juu na pembeni, usioangukia moja kwa moja juu ya kioo cha mashine. Meza zipangwe ili kioo cha kompyuta kiwe pembeni mwa dirisha, yaani mtumiaji asilitazame dirisha wala asilipe mgongo. Sehemu ya juu ya dirisha hubeba mwanga hadi ndani ya chumba, kwa hiyo ndiyo yenye thamani kubwa zaidi. Ile iliyo chini ya usawa wa meza haisaidii chochote ila kuingiza joto. Safu za taa zilizo karibu na madirisha ziwe na swichi yake, zisiwashwe pamoja na zile za ndani.

Na seva na mashine za utafiti? Hizo nazo zitakaa madirisha wazi?

Hapana. Hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo vikao vingi huyachanganya. Watu na kompyuta za kawaida wanaweza kupozwa na hewa ya Nairobi. Mashine za kufunzia mifumo ya akili unde (AI) ni jambo jingine. Kadi moja ya kukokotoa iitwayo NVIDIA H100, ya aina inayotumika kwenye seva kubwa, inaweza kutumia hadi wati 700, na seva yenye kadi nane za aina hiyo hufikia takriban kilowati 10 ikifanya kazi kwa nguvu zote. Maana yake ni kwamba sanduku moja lisilozidi ukubwa wa sanduku la nguo hutoa joto la maabara nzima yenye wanafunzi 40 na kompyuta zao za mezani, tena usiku na mchana, Jumapili na sikukuu.

Kwa hiyo mashine hizo zipewe chumba chake, chenye mlango wake, upoaji wake na mita yake ya umeme. Hata humo hali yetu ya hewa inasaidia: kiwango kinachopendekezwa na wahandisi wa upoaji kwa hewa inayoingia kwenye seva ni kati ya nyuzi 18 na 27, na hewa ya nje ya Nairobi, ikishachujwa vumbi, huangukia humo au chini yake kwa sehemu kubwa ya mwaka. Inapokuwa baridi zaidi, huchanganywa na ile iliyokwisha kupita kwenye mashine. Mtambo wa kupoza hubaki kwa saa chache za mchana wa joto kali. Jambo moja husahaulika na wauzaji: kwa sababu ya mwinuko, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kwa sita, hivyo feni iliyopimwa kwa ajili ya pwani itasukuma joto kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi zake. Jenereta nayo hupungukiwa nguvu kwa sababu iyo hiyo. Mwambieni mhandisi aandike mwinuko wa Nairobi ndani ya hati za zabuni.

Chumba cha seva kisiwekwe chini ya ardhi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalionyesha ni kwa haraka kiasi gani maji huingia mahali ambapo hayakutarajiwa. Kisiwe pia chini ya vyoo. Na kabla ya kukijenga, idara iulize kama inakihitaji kweli, au kama mashine zinaweza kuwekwa mahali pa pamoja na vyuo vingine kupitia KENET, mtandao unaounganisha vyuo na taasisi za utafiti nchini.

Kwa nini tusiige tu majengo yaliyosifiwa ng'ambo?

Tuchukue mfano bora kabisa. Chuo Kikuu cha Boston kilifungua mwaka 2022 jengo la ghorofa 19 la kompyuta na sayansi ya data lisilotumia mafuta wala gesi. Ili lipate joto wakati wa baridi na lipoe wakati wa kiangazi, vilichimbwa visima 31, kila kimoja kikienda chini takriban mita 450. Ni kazi ya kusifiwa, na kwa mji wenye theluji ina mantiki kamili. Lakini visima hivyo ni jibu la swali ambalo Nairobi haijaulizwa, kwa kuwa hapa hatuhitaji kupasha majengo joto. Cha kuiga kutoka Boston ni ile tabia ya kuanza na hali ya hewa ya mahali penyewe.

Paneli za sola zitatosha kuendesha jengo zima?

Inategemea kilichomo ndani, na hesabu yake si ngumu. Kwa wastani, kilowati moja ya paneli Nairobi huzalisha yuniti (yaani kilowati-saa) 4 hivi kwa siku. Paa lenye paneli za kilowati 100, zinazochukua takriban mita za mraba 500, hutoa basi yuniti 400 kwa siku. Kompyuta za mezani 40 zikitumika kwa muda wa saa kumi hula yuniti 60. Ile seva moja yenye kadi nane ikifanya kazi kutwa kucha hula 240. Ina maana kwamba paa hilo lote hubeba seva moja ya utafiti na kompyuta za maabara mbili na nusu, kabla hatujagusa taa, lifti na birika la chai. Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka mwaka 2014 paneli zenye uwezo wa kilowati 600 juu ya mapaa yake, na huo ndio ukubwa unaoanza kuonekana katika bili ya chuo kizima. Paa lilazwe karibu bapa, lakini liachiwe mwinamo wa nyuzi 10 hivi ili mvua isafishe vumbi.

Kuhusu kuuza ziada, Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 iliweka msingi wa mteja kuingiza umeme wake katika gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, na kupata fidia kwenye bili, kwa mitambo isiyozidi megawati moja. Kwa chuo ambacho maabara zake hufungwa likizo ilhali jua halifungwi, hilo lina maana.

Umeme ukikatika, sola itaendelea kufanya kazi?

Watu wengi hushangaa kuambiwa kwamba la. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli ili utumike jengoni, ikiwa ni ya kawaida iliyounganishwa na gridi, hujizima gridi inapozimika, ili isiwadhuru mafundi walio kwenye nyaya. Anayetaka umeme wakati wa kukatika lazima aagize betri na inveta yenye uwezo wa kujitegemea, na aagize tangu mwanzo. Usiku wa Agosti 25 mwaka 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima, na usiku sola haisaidii yeyote asiye na akiba.

Betri za kubeba jengo zima ni ghali bila sababu. Nyaya zigawanywe mapema: mtandao, taa za dharura, milango na seva zenye data ziwe katika fungu moja linalolindwa na betri, na mengine yasubiri. Mashine za kufunzia akili unde zinahitaji dakika chache tu za kuhifadhi kazi na kujizima kwa utaratibu. Jenereta ya dizeli, ikiwa lazima iwepo, iwe ndogo.

Umeme wa Kenya tayari ni safi. Je, bado kuna haja ya kuhangaika na kaboni?

Hili ni swali zuri kuliko yote, na jibu lake hubadilisha vipaumbele. Takriban asilimia 90 ya umeme wa gridi yetu hutokana na vyanzo jadidifu: mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana wenye mitambo ya megawati 310, na jua. Katika nchi zinazochoma makaa ya mawe, uchafuzi mkubwa wa jengo hutokea miaka yote linapotumika, na ndiyo maana vitabu vyao husisitiza kubana umeme kuliko jambo lingine. Kwetu, sehemu kubwa ya kaboni, yaani hewa ukaa inayoipasha dunia joto, imekwisha kutolewa siku jengo linapozinduliwa. Imo ndani ya saruji, chuma, vioo na alumini, na baadaye ndani ya kompyuta zinazoingizwa kutoka viwanda vya mbali. Kubana umeme kunabaki na faida, ila faida hiyo ni ya mfuko wa chuo na ya kupunguza dizeli.

Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi, na mbali na moshi wa kuni au makaa, chokaa yenyewe hutoa kaboni inapovunjika. Kwa hiyo kila mita ya zege isiyomwagwa ni akiba ya kweli. Nguzo zikikaribiana kiasi, sakafu huwa nyembamba. Maegesho ya chini ya ardhi yakiachwa, kuta nzito za kuzuia udongo hazihitajiki. Saruji iliyochanganywa na majivu ya volkano hutengenezwa hapa hapa nchini na inafaa kazi nyingi. Kuta zijengwe kwa mawe ya Ndarugo, ambayo hukatwa tu machimboni upande wa Juja na Thika bila kuchomwa, yakasafirishwa mwendo mfupi. Yanapendeza, yanatunza baridi ya usiku, na mafundi wetu wanayajua kama wanavyojua viganja vyao.

Kiwanja nacho kina neno lake. Upande wa kusini na mashariki mwa jiji kuna ule udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ambao lazima uchimbwe na kubebwa kwa malori mpaka mwamba uonekane. Chuo chenye hiari ya kuchagua kiwanja kipime udongo kabla ya kuipenda picha ya msanifu.

Maji je?

Paa la mita za mraba 1,000, kwa mvua ya Nairobi ya takriban milimita 900 kwa mwaka, na baada ya kutoa kinachopotea, laweza kukusanya lita 720,000, ambazo ni karibu lita 2,000 kwa siku zikigawanywa sawa. Tatizo ni kwamba hazigawanyiki sawa: mvua hunyesha Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba, hivyo ukubwa wa tangi ndio unaoamua. Maji hayo yatumike vyooni na kwenye bustani, na kwa kufanya hivyo chuo hupunguza utegemezi wake katika siku za mgao. Visima virefu si suluhu ya bure, kwani maji ya chini ya ardhi ya Nairobi mara nyingi yana floridi nyingi.

Kelele, vumbi na wizi: madirisha yakiwa wazi, tutafanyaje?

Hofu hii ni halali, na wanaotetea hewa ya asili hawapaswi kuipuuza. Jengo linalotazamana na Barabara ya Thika au Waiyaki Way haliwezi kufungua madirisha ya darasa upande wa magari. Suluhu ni kuweka korido na ngazi upande huo, na madarasa yatazame ua wa ndani. Wajenzi wa Lamu walijua hili zamani. Nyumba zao za mawe huupa mtaa ukuta mnene, kisha hupumua kupitia kiwanda, ule uwazi ulio ndani. Matundu ya juu yawekwe vyuma imara na wavu, yawe madogo kiasi cha kutompitisha mtu, ili yaweze kubaki wazi usiku, wakati ambapo jengo linahitaji kupoa.

Watu wenye ulemavu watahudumiwaje?

Mlango mkuu uwe sawa na ardhi, au mteremko wake usizidi hatua moja ya kupanda kwa kila 12 za kwenda mbele. Angalau maabara moja ya kila kozi iwe ghorofa ya chini, kwa sababu lifti huharibika. Meza kadhaa zipande na kushuka, na maabara ziwe na kompyuta zenye programu za kusoma maandishi kwa sauti. Jengo linalowaacha wanafunzi nje haliwezi kuitwa endelevu.

Kompyuta zikizeeka ziende wapi?

Kwanza zisizeeke haraka. Kwa kipakatalishi cha kawaida, sehemu kubwa ya kaboni ya maisha yake hutolewa kiwandani kabla hakijawashwa, na kwa umeme safi kama wetu uwiano huo ni mkubwa zaidi. Kukitumia miaka saba badala ya minne kuna faida kuliko kununua kipya kinachotumia umeme kidogo. Ndiyo maana jengo linahitaji karakana yake ya ukarabati, yenye mwanga, meza imara na vipuri, ambapo wanafunzi wenyewe hubadilisha betri na diski. Zisizotengenezeka zipelekwe kwa wenye leseni ya kushughulikia taka za kielektroniki, na data ifutwe kwanza.

Jengo la namna hii ni ghali kiasi gani zaidi?

Si lazima liwe ghali zaidi. Fedha huhama: kutoka kwenye viyoyozi na vioo kwenda kwenye vivuli, matundu na tangi. Hatari iko kwingine. Bajeti inapobana katikati ya ujenzi, vivuli vya madirisha ndivyo hufutwa kwanza kwa sababu huonekana kama mapambo. Jengo likishafunguliwa, vyumba hupata joto, watu hulalamika, na viyoyozi hununuliwa kimoja kimoja kwa bajeti ya matengenezo hadi kuta za nje zijae mashine. Vivuli viandikwe katika mkataba kama sehemu ya mfumo wa kupoza, na asiwepo wa kuvifuta bila hesabu mpya ya joto.

Je, tutafute cheti?

Cheti cha majengo endelevu cha EDGE, kilichoanzishwa na Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) la Kundi la Benki ya Dunia, hudai upungufu wa asilimia 20 katika nishati, maji na kaboni iliyomo ndani ya vifaa vya ujenzi. Kinafaa kama nidhamu wakati wa usanifu. Hakipimi kitakachotokea mwaka wa tano.

Jengo lenyewe linaweza kuwa somo?

Linaweza, na hapa idara ya kompyuta ina bahati kuliko idara nyingine yoyote. Mita za umeme za kila ghorofa, vipimo vya joto, unyevu na hewa chafu, na kina cha maji tangini vinaweza kukusanywa na mfumo ulioandikwa na wanafunzi na kuachwa wazi kwa utafiti. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akijifunza takwimu kwa joto la chumba alichoketi, huelewa haraka. Vifaa vinavyohesabu watu lazima vifuate Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na njia rahisi ni kuhesabu bila kutambua: kiwango cha kaboni dioksidi hewani huonyesha chumba kilivyojaa bila kumjua yeyote.

Hatuna fedha za jengo jipya. Tufanye nini na la zamani?

Kulihifadhi jengo lililopo ndiyo njia yenye kaboni ndogo kuliko zote, kwa sababu saruji yake imekwisha lipiwa. Anzeni kwa kupima joto la kila maabara kwa wiki mbili za Februari, asubuhi, mchana na usiku, na kuandika umeme unaotumika wakati hakuna mtu. Kisha zibueni matundu yaliyozibwa, wekeni vivuli vya nje upande wa magharibi, pakeni paa la mabati rangi nyeupe, geuzeni meza, na hamisheni seva zilizotapakaa maofisini ziwe katika chumba kimoja. Pimeni tena Februari inayofuata. Baada ya hapo ndipo muamue ni vyumba vipi, kama vipo, vinavyohitaji kiyoyozi.